Kopo Kabla, Kopo Baada

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

"Onni, nimeandika sasa hivi, wino haujakauka. Kwani huniamini?"

"Sikuamini. Soma."

Basi nasoma. Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi na mume wangu kila Jumanne na kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Yeye kwenye meza yake ya kutengenezea risasi, mimi kwenye kiti cha jikoni kilichokatika egemeo, daftari magotini. Nasoma tarehe. Nasoma ganda limeshapigwa mara ngapi, fataki ya kuwashia ni ya aina gani, kichwa cha uzito gani. Nasoma baruti ni ya kopo lipi na kila risasi imetiwa punje ngapi, maana hupimwa kwa punje, kipimo kidogo mno, ukipiga chafya karibu na mizani unaanza upya. Nasoma idadi na nani kapewa. Na mwisho kabisa nasoma mstari ambao sijauona kwa mtu mwingine yeyote huku kwetu kaskazini ya Michigan, na huku kila nyumba ya pili ina meza ya namna hiyo: kopo kabla, kopo baada.

Onni alikuwa mtunza stoo ya baruti mgodini kwa miaka ishirini na sita. Kule hakikutoka kitu bila sahihi, na jioni kilichobaki kilihesabiwa mpaka kilingane na kilichotoka. Mgodi ulipofungwa walimpa saa ya ukutani na keki, akaja nyumbani na ile tabia. Kopo la baruti lilipimwa kabla hajaanza kazi, likapimwa tena akimaliza. Ukichukua kilichopungua ukakigawa kwa idadi ya risasi, lazima upate kile kipimo ulichosema umetia. Usipokipata, hakuna mjadala: risasi zote za siku hiyo zinavunjwa moja moja, baruti inamwagwa kwenye bustani ya viazi, na ukurasa unapigwa mstari mwekundu.

Lyle, mkwe wetu, alikuwa akimcheka sana. "Mama," ananiambia, "mkinipa risasi mnipe na cheti chake cha kuzaliwa."

"Utapewa na cha ubatizo," namjibu. "Vua viatu, umeniletea tope."

Lyle aliendesha lori la magogo. Mtu wa miaka arobaini na moja, mkubwa kama jokofu, na ndiye mtu pekee duniani aliyeweza kumchekesha Onni mpaka akaweka chini alichoshika. Alikuwa ameoa binti yetu wa pekee, Marlys, ambaye ulimi wake kauchukua kwangu, namhurumia Lyle kwa hilo. Onni hakumpa mtu mwingine yeyote risasi zake. Majirani waliomba, akawanyima. Alitengeneza zake na za Lyle, basi.

Kalamu niliishika mimi kwa sababu mikono ya Onni ilianza kutetemeka, na mwandiko wake ukawa wa kuku. Macho nayo yalikuwa na ukungu. Kwa daktari hakutaka kwenda. "Ni uzee," anasema, "daktari ataniambia ni uzee halafu anirudishe nyumbani." Mwaka wa kwanza kila mstari aliniambia soma. Mwaka wa pili akasema soma mara moja moja. Mwaka wa tatu aliacha kabisa. Anauliza "Umeandika?", nikijibu "Nimeandika", anaendelea na kazi. Nilifurahi kama msichana aliyesifiwa. Mjinga mimi.

Sasa niseme la makopo, maana bila hilo hamtaelewa. Tulikuwa na makopo mawili. La bunduki, baruti yake ni vijiti vidogo vinavyoungua taratibu. La bastola, ni vidonge bapa vinavyoungua mara moja. Zote nyeusi. Ukitia ya bastola kwenye risasi ya bunduki, umetengeneza bomu na unaliweka karibu na shavu. Ndiyo maana mezani hukaa kopo moja tu, jingine liko kabatini chini ya ngazi. Baruti huanza kumiminwa kwenye kimiminio, chombo chenye tumbo la kioo kinachotoa kiasi kile kile kila ukivuta mkono wake. Ukimaliza, kilichobaki tumboni unakirudisha kwenye kopo lake. Kwenye kopo lake. Kazi yote ya hatari iko hapo, wala si kwingine.

Agosti hesabu haikutoka sawa. Kidogo tu, lakini haikutoka. Onni alivunja risasi sitini kwa nyundo yake ya plastiki, risasi unaitia ndani ya nyundo, unagonga mara tatu nne kichwa kinachomoka. Sitini, kwa mikono ile. Sikutaka kumtazama lakini nilimtazama. Septemba haikutoka tena, akavunja arobaini, na alipofika ya mwisho akaiacha nyundo akakaa.

"Mama," akaniambia, "ikitokea tena naacha. Nauza meza."

"Utauza meza uje ukae wapi?"

"Juu. Kwenye kiti."

Kile kiti nakijua. Mgodi ulipofungwa Onni alikaa miezi minane kwenye kiti cha karibu na jiko. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa mlevi, afadhali angekuwa mlevi ningejua la kumsema. Alikaa tu uso dirishani, na ukimwita anageuka taratibu, anakutazama kama unauza kitu. Namwekea chakula, nakiondoa. Siku aliyoshuka chini na kuanza kusafisha maganda ya zamani, nilisimama juu ya ngazi nikalia, kisha nikafuta uso nikamfokea kwa kuacha mlango wazi. Sikuwa tayari kuishi tena na yule mtu wa kwenye kiti. Nasema wazi ili msije mkadhani nilichofanya baadaye nilikifanya kwa huruma tu. Nilifanya kwa woga wangu pia.

Oktoba, tarehe ishirini na mbili, Alhamisi. Alitengeneza risasi hamsini za bastola. Nilikuwa na pai za nyama na viazi kwenye oveni, nikasikia harufu, nikapanda kuziokoa. Niliporudi kimiminio kilikuwa kitupu, kimefutwa, na Onni anatoka kule chini ya ngazi akijifuta mikono. Kopo la bastola liko mezani. Nikaliweka kwenye mizani kama kawaida, yeye kanipa mgongo, anapanga risasi kwenye boksi.

Lilikuwa jepesi. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba hata bila hesabu nilihisi mkononi. Kama mtu kakomba vijiko kadhaa.

Ningekwenda kabatini hatua sita kupima lile kopo jingine ningejua kila kitu. Lingekuwa zito kwa kiasi kile kile. Sikwenda. Nilibaki na kalamu, nikasikia nyuma yangu anapiga mluzi, Onni ambaye hakuwa amepiga mluzi tangu Agosti.

"Kopo baada?" akauliza.

Nikafanya hesabu haraka kwenye ukingo wa gazeti, kopo lilipaswa kuwa na uzito gani. Nikauandika huo, nikamtajia.

"Limetoka sawa?"

"Sawasawa."

"Si unaona," akasema. Akageuka, na uso wake ulikuwa wa kijana. "Nilidhani kichwa kimeanza kuniacha." Usiku huo alikula pai mbili, akaomba na mkate wa iliki.

Jumanne iliyofuata alitengeneza za bunduki, arobaini, za msimu wa kulungu. Akatoa lile kopo jingine kabatini akaenda kutafuta miwani yake. Kazi yangu ilikuwa kulipima. Nilinakili tu uzito wa mara ya mwisho. Sikuligusa. Nilijua nikiligusa litaniambia kitu, na nilishachagua kutosikia. Alipomaliza nikaandika kopo baada kwa hesabu ya kichwani, na mstari wa mwisho: ishirini za Lyle, ishirini zetu.

Jumapili ya tarehe nane Novemba Lyle na Onni walikwenda kwenye shimo la kokoto kurekebisha shabaha ya bunduki zao kabla ya msimu. Sikuwapo, nasimulia nilivyoambiwa. Lyle alipiga wa kwanza. Risasi tatu, zote zikaingia kwenye duara unaloweza kulifunika kwa kikombe. Akamgeukia Onni akamwambia, "Mzee, hizi zinasoma mawazo yangu." Akapiga ya nne, bunduki ikapasuka.

Onni alimbeba. Sijui alimbebaje, mtu yule kwa mwili ule. Alimwingiza kwenye pikapu akamshikilia kofia usoni, akaendesha kwa mkono mmoja mpaka hospitali, dakika arobaini. Jicho la kulia lilikuwa limeshakwenda. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikafuata siku ya pili.

Jioni ile tulipoingia wodini, Lyle akiwa na bandeji nusu ya uso, hakusubiri kuulizwa. "Mzee, ni mimi," akasema. "Bunduki ililala nje kwenye pikapu. Theluji itakuwa iliingia kwenye mtutu, risasi ya kwanza ikautia ufa, na mimi sikutazama."

"Nimekwambia mara mia," Marlys akasema. Alikuwa amesimama kule miguuni mwa kitanda, mikono kifuani. "Mara mia, Lyle, usilaze bunduki nje. Mara mia."

"Umeniambia."

"Sasa lori utaliendesha na nini?"

Lyle akageuza uso wake ukutani. Nilikuwa nimeshika begi la nguo zake. Ningeweza kusema pale pale. Nililikunja begi, nikalikunjua, nikauliza kama kalishwa.

Jumatatu asubuhi Onni akiwa bado kalala nilishuka chini, nikatoa kopo la bunduki nikamwaga kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe. Vijiti, na katikati ya vijiti, vidonge bapa. Hata mtoto angeviona. Nikavikusanya nikavirudisha, nikafunga kopo, nikapanda kupika uji. Nilipika uji, jamani. Nikauonja kama una chumvi.

Jumanne akaja polisi wa wilaya, bwana mmoja mnene aliyesoma darasa moja na Marlys. Si kwa ubaya, ni utaratibu, mtu akiumia kwa bunduki lazima waandike. Onni alikuwa amevaa shati safi. Akaliweka daftari mezani mbele yake akalifungua ukurasa wenyewe.

"Hii hapa," akasema. "Tarehe ishirini na saba. Arobaini. Kopo kabla, kopo baada. Gawa mwenyewe."

Yule bwana kweli akatoa kalamu akagawa. Akarudia. Akafunua kurasa za nyuma, akapiga mluzi wa chini chini. "Mzee Onni, hata sisi hatuandiki hivi. Natamani kila mtu wilaya hii angekuwa na daftari kama hili."

"Anaandika mke wangu," Onni akasema. "Mimi ni mikono tu."

Wakanitazama wote wawili. Nilikuwa nimeshika birika. Nikammiminia yule bwana kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani. Akaandika kwenye karatasi yake kwamba risasi hazina tatizo na kuna uwezekano mkubwa mtutu uliziba. Akala vipande viwili vya mkate wa iliki akaaga.

Sasa msimu unafunguliwa tarehe kumi na tano, kila mwaka, hata iwe Jumapili. Onni hakuwahi kuukosa tangu ana miaka kumi na minne. Na kabatini kulikuwa na lile boksi la pili, ndugu wa lile la Lyle, risasi ishirini. Nilidhani baada ya yaliyotokea hatazigusa. Alhamisi nikamwona anazipangua mezani, anazifuta moja moja kwa kitambaa.

"Mwaka huu nunua za dukani," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Upumzike."

"Nikipiga za dukani Lyle atajua siziamini zangu. Atalala pale akifikiri pengine ni baba mkwe kanipofua." Akanyanyua moja kwenye taa, akaizungusha. "Nitapiga hizi hizi. Nitamletea kulungu aliyepigwa na hizi hizi, na moyo wake utulie kwamba zilikuwa safi. Na wangu."

"Kama hazikuwa safi je?"

Akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Wewe ndiye unayeniuliza hivyo? Wewe uliyeandika?"

Nililifikiria vizuri, nikaona kuna njia. Njia ya woga, kama kawaida yangu. Ijumaa alipokwenda kuwasha jiko la sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, nilichukua lile boksi nikalizika kwenye pipa la unga. Nikajiambia atalitafuta, atalikosa, atakasirika, atanunua za dukani, yaishe.

Hakukasirika. Alilitafuta Ijumaa yote jioni na Jumamosi yote asubuhi. Alitoa kila kitu kabatini akakirudisha. Alitafuta kwenye pikapu, kwenye sauna, kwenye mifuko ya makoti ya miaka iliyopita. Nikimwambia aje ale, anasema anakuja. Jumamosi saa nane mchana nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, mikono imelala magotini inacheza yenyewe.

"Niliziweka kabatini," akasema. "Naona mkono wangu ukiziweka. Kumbe sikuziweka. Sasa nikikuambia nimefanya kitu, mama, usiniamini tena." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kama nimepoteza boksi zima, nitajuaje sikufanya jingine? Nitajuaje?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Sijioni mtu mwema kwa hilo. Ningeweza kuvumilia jicho la Lyle, na nilivumilia wiki nzima, Mungu anisamehe, lakini kumwona Onni anajitilia shaka kwa wizi wangu mwenyewe sikuweza. Nilipanda nikaenda kwenye pipa la unga, nikashuka na boksi mkononi, jeupe lote.

"Nimelificha mimi," nikamwambia. "Na Oktoba uliirudisha baruti ya bastola kwenye kopo la bunduki. Kopo lilikuwa jepesi, nikaliona, nikaandika uongo. Jumanne nikaandika mwingine."

"Unamtetea Lyle," akasema. "Hutaki ajilaumu, ndiyo unasema hivyo."

"Nenda kapime kopo."

"Daftari linasema..."

"Daftari ni mimi, Onni. Hakuna daftari. Ni mimi nimekaa kwenye kiti. Nenda kapime."

Akainuka kwa kushika ukuta. Akalitoa kopo, akaliweka kwenye mizani, akasogeza uso karibu kabisa kwa ajili ya macho yake. Akafungua daftari akatazama mstari wangu. Akatazama mizani tena. Akachukua ile nyundo na sahani nyeupe na kioo cha kukuzia, akavuta kiti.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Unachokiona. Si ninachosema. Unachokiona."

Akavunja ya kwanza akaimwaga kwenye sahani. Vijiti vitupu. Nikaandika. Ya pili, vijiti na vidonge vitatu vinne. Nikaandika. Ya tano, vijiti vitupu. Kila moja alinisubiri nimalize, kisha akasema, "Soma." Nikasoma. Ya kumi na moja ilipoanguka kwenye sahani hakuhitaji kioo. Zaidi ya nusu ilikuwa vidonge. Akaitazama ile, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye shavu la kulia, pale kitako cha bunduki kinapokaa, ukabaki pale. Kisha akaendelea mpaka ishirini. Kulikuwa na mbili za namna ile.

"Agosti nilikosea," akasema alipomaliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayepanga kazi. "Nikajua, kwa sababu uliandika. Septemba nilikosea, nikajua, kwa sababu uliandika. Oktoba nilikosea nawe ukaninyima nisijue. Ungenipiga kofi ningekuelewa."

"Ungerudi kwenye kiti."

"Ningerudi kwenye kiti," akasema. "Lyle angekuwa na macho mawili, na mimi niko kwenye kiti."

Akafunua daftari kuanzia mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, miaka mitatu ya mwandiko wangu, akilisogeza karibu na uso.

"Zipi nyingine?"

"Ni hizo mbili tu. Naapa."

"Hizo mbili unazozikumbuka."

"Hizo mbili, Onni."

Akanitazama bila chuki, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa ananichunguza tu, macho yake yenye ukungu yakienda huku na huku usoni mwangu, anatafuta mahali pa kunishika asipaone. Akafunga daftari. "Zote," akasema. "Tutavunja zote."

Zilikuwa mia nane na kumi na sita, rafu tatu, bunduki na bastola. Tulianza saa ile ile. Sauna ilipoa bila mtu kuingia. Jumapili, siku ya msimu, tuliamka kabla ya kupambazuka kwa mazoea, akanywa kahawa amesimama, na badala ya kuvaa koti lake la rangi ya chungwa akashuka chini. Kulipopambazuka tukaanza kusikia bunduki za watu msituni, moja huku, mbili kule. Kila ikilia Onni anasimamisha nyundo, anasikiliza mwangwi mpaka uishe, ndipo anagonga. Mimi naandika. "Soma." Nasoma.

Tulikuwa kwenye ya mia nne na kitu simu ikalia, ile ya ukutani iliyoko kule chini. Onni alikuwa karibu, akaipokea. Nikasikia sauti ya Marlys ikitoka mle, nyembamba lakini ya uchangamfu, mara ya kwanza wiki nzima.

"Baba? Uko nyumbani saa hizi? Umeshampata? Lyle ananisumbua hapa nyumbani, amekaa dirishani tangu alfajiri anahesabu milio, anasema ule mmoja wa saa mbili lazima ulikuwa wako. Mwambie mwenyewe. Ni kulungu wa pembe ngapi?"

Onni aliishika simu mbele yake kidogo, kisha akaninyooshea.

"Mwandishi ni wewe," akasema.

Nikaipokea. Nikasema, "Marlys, ni mimi. Baba yako hakwenda." Nikasema halikuwa theluji. Nikamwambia la kopo, na Alhamisi, na Jumanne, na kwamba nilijua siku polisi alipokuja kunywa kahawa, na siku ile wodini alipokuwa akimsema Lyle nilikuwa nimesimama pale na begi nikihisi, nikanyamaza. Nilisema yote kwa mpangilio, kwa tarehe, kama ninavyosoma daftari, maana sikujua namna nyingine ya kulisema. Alinisikiliza bila kunikatiza, Marlys ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi.

Nikasikia Lyle kule nyuma akiuliza, "Anasemaje mama? Kampata?"

Marlys aliiweka simu mezani bila kuikata, na nikabaki nayo sikioni, nikisikia hatua zake zikienda upande wa dirisha, kisha kiti kikivutwa, kisha sauti yake ikianza kusema, polepole, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu akiwa mtoto. Sikuyapata maneno. Nilisikia tu pale Lyle alipouliza, "Ni Mama?", kisha akauliza tena vile vile, "Ni Mama?" Nyuma yangu Onni alikuwa amechukua risasi nyingine, anasubiri kalamu.